Bawaba ya Lango la Mwalimu Chelagat

Padri, wazee wa ukoo, majirani, walimu wa chuo, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimechukuliwa na watu ambao hawakumtembelea akiwa mgonjwa, nawasalimu. Mimi ni Taprandich, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake ingawa shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hivyo atakayeona nimekosea Kiswahili anivumilie, tutaongea kwenye chakula. Wengi mmeniuliza pia kwa nini lango la boma leo limefungwa kwa kamba kama boma lililohamwa, na hilo nalo mnivumilie, nitafika.

Immaculate Chelagat alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Molo, kitinda mimba wa wazazi wetu, ambao wote wawili wametangulia. Alisoma shule ya msingi kutoka mwaka 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari hadi 1985, na mwaka 1986 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea kuchomelea na kutengeneza vyuma, jambo lililomfanya mama aulize kama kozi ya kushona ilikuwa imejaa. Alimaliza Novemba 1988 akiwa na cheti kizuri, akazunguka nacho karakana za Nakuru, na kila mahali akaambiwa hana uzoefu, na alipouliza uzoefu unapatikana wapi, akaambiwa kazini. Kwa hivyo alirudi nyumbani tukachagua viazi pamoja, cheti kikiwa ukutani kwenye fremu, na alikuwa akikiangalia kama mgeni anayekula kila siku na hasaidii kuosha sahani.

Tarehe 7 Januari 1991 aliajiriwa kuwa mwalimu katika chuo kimoja cha ufundi upande wa Njoro, na huko ndiko alikofanya kazi mpaka mwili ulipokataa. Hakusahau vile viazi. Wanafunzi wa ufundi hawapewi cheti mpaka waende atachimenti, yaani wakae karakana fulani miezi kadhaa wakijifunza kazi kwenye kazi, na walimu wengine walikuwa wakimpa mtoto barua na kumtakia safari njema, lakini Chelagat alikuwa akimwambia kila mwanafunzi atengeneze bawaba moja ya mlango kwa mkono wake, kisha wanaondoka wote wawili, iwe ni Nakuru, iwe ni Mau Narok kwa wenye mashamba ya ngano, na anakaa langoni mpaka mwenye karakana atoke. Hakuwa na hotuba. Aliweka bawaba mezani akasema, "Usiniangalie mimi, boss. Fungua, ufunge."

Yupo hapa Nuria, ambaye mwaka 2009 alipelekwa hivyo kwa Bwana Harjit wa Nakuru, yule mzee wa kilemba cheusi aliyeketi safu ya pili, anayetengeneza plau, haro na matrela ya trekta. Harjit alifungua bawaba, akaifunga, akasema kazi ni nzuri lakini karakana yake haina choo cha wasichana. Chelagat akamuuliza, "Na hawa mafundi wako wote, wanajua kutengeneza trela na hawajui choo?" Choo kilijengwa, mlango wake akauweka Nuria mwenyewe, na leo Nuria ndiye msimamizi wa mafundi wa Harjit, akiwemo fundi mmoja aliyemcheka siku hiyo.

Chelagat alifunga ndoa na Kiprugut, dereva wa lori la viazi, tarehe 18 Desemba 1993, katika kanisa hapa Molo, na Mungu akawapa mtoto mmoja, Kipkemoi, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1997. Kiprugut alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 9 Mei 2011, akiwa ameahidi kwa muda mrefu kurekebisha lango la boma, lililokuwa likilia mpaka ng'ombe wanashtuka. Likizo ya Desemba mwaka huo, kijana akiwa na miaka kumi na minne, aliingia kwenye stoo ya mama yake, akatengeneza bawaba, akaitia mwenyewe, na tangu siku hiyo lango hilo halijawahi kulia, ninyi nyote mmelipita.

Kipkemoi alisoma vizuri, akaingia chuo kikuu pale Njoro mwaka 2016, akahitimu Desemba 2021 katika uhandisi wa kilimo, yaani alisomea zile plau na haro ambazo Harjit anatengeneza kila siku. Kisha akakaa. Alituma maombi, akaitwa mahojiano, akaambiwa hana uzoefu, neno lile lile aliloambiwa mama yake, hawakuona hata haya kulirudia. Nilimwambia Chelagat, mtie kijana kwa gari umpeleke kwa Harjit, ulipeleka watoto wa kila mtu. Akaniambia, "Dada, wakisikia nimemweka wangu watasema kumbe miaka yote nilikuwa natengeneza njia ya mtoto wangu." Nikamuuliza, kina nani hao? Akasema watu. Nikamwambia watu hao hawajawahi kunipa hata sukari. Akasema kijana ana digrii, milango atajibishia. Tulibishana hivyo, jikoni, karibu miaka miwili, na yeye ndiye alikuwa mama, basi.

Mwezi Oktoba 2023 Kipkemoi alienda nchi za Ghuba kutafuta kazi, ambako amewekwa kulinda mlango wa duka la watu. Ameomba ruhusa ya kuja kumzika mama yake, akanyimwa, na anatusikiliza kupitia simu ambayo Nuria ameishika pale mbele. Kipkemoi, ukisikia kelele ni upepo wa hema, usikate.

Aprili 2024 chakula kilianza kumkwama Chelagat, na mwezi Juni madaktari wakapata saratani ya koo. Sauti ilienda polepole, lakini mpaka Novemba alikuwa bado anaandamana na wanafunzi, yeye akikaa langoni kimya na mwanafunzi akijieleza mwenyewe. Februari mwaka huu alistaafu kwa ugonjwa, na Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, alfajiri, akatutoka akiwa nyumbani kwake.

Jumanne Harjit alikuja kutupa pole, akaniuliza kama kijana atafika. Nikamwambia hatafika. Akaweka chai yake chini, akasema, "Mathe, mimi nilimngoja huyo kijana. Nilisema, mtoto wa Mwalimu na digrii yake, atanitaka mimi na grisi? Atataka ofisi. Nikasema, wacha, akitaka, Mwalimu ataleta bawaba." Kumbe mwaka baada ya mwaka, mmoja alinyamaza kwa kuogopa maneno ya watu, mwingine akanyamaza kwa kuheshimu digrii, na kijana akapanda ndege katikati yao. Nilimwambia Harjit kwamba heshima yao imetupunguzia mtu mmoja wa kubeba jeneza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotuchotea maji na kutukamulia ng'ombe juma hili lote, walimu wenzake, na wanafunzi wake, ambao leo nimewahesabu kwa mikono yao, maana nyinyi mnajulikana kwa makovu ya moto.

Sasa hilo lango. Asubuhi nilimwambia Nuria achukue spana, afungue ile bawaba ya Kipkemoi, na ninayo hapa kwenye kiondo. Nikimaliza kusoma nitashuka niiweke kwenye mikono ya Harjit, mbele ya watu hao hao ambao dada yangu aliwaogopa, waseme wanavyotaka. Harjit, usinijibu hapa, tusije tukapigiwa makofi msibani. Fungua, ufunge, halafu unijibu nyumbani. Na wewe Kipkemoi, lango la mama yako litabaki na kamba mpaka uje uweke nyingine, sitamruhusu fundi yeyote kuligusa.

Chelagat, umesimama kwenye malango ya watu miaka thelathini na nne, ukaacha moja tu, la kumwombea mwanao, na hilo nimelishika mimi, nikiwa nimechelewa. Keti sasa. Pumzika kwa amani, mtoto wa mama.