Kumi na Tatu

Basi la mtaa wa Golf lilikuwa nusu ya njia, na Antoine, aliyeketi katikati ya watu wawili wasiojuana, alishajua habari zote za kompyuta ya mama wa dirishani. Ilikuwa ya kazi, ilitoka Amerika, na tangu wiki iliyopita ilikuwa haiioni Wi-Fi ya ofisi.

"Ile ilisha kufa, mama," alisema papa, mzee wa upande wa pili mwenye mfuko wa nyaya. "Nunua ingine."

"Haikukufa, papa. Ku nyumba inashika muzuri. Shefu wa ofisi njo alitia Wi-Fi ku chaneli ya kumi na tatu, juu kule hakuna bantu bengine benye kuitumia. Mashini za Amerika zinaishiaka ku kumi na moja."

Antoine aliona kwamba jambo hilo papa alikuwa halijui, na kwamba hatalikubali.

"Basi nunua antene ya inje, ile kadogo ya kuchomeka ku mashini."

"Tuko bantu tisa benye mashini kama hii. Shefu iko na namba moja tu ya kubadirisha. Na alisha kuniandikia barua, eti minachelewesha ripoti juu ya uvivu."

"Shefu hatakusikia, mama."

"Basi ataona na macho."

Basi lilisimama mbele ya geti la ofisi. Mama alifungua kompyuta magotini, na Antoine akachungulia bila haya: kwenye orodha Wi-Fi ya parokia ilikuwapo, ya famasi ilikuwapo, na za villa mbili. Ya ofisi haikuwapo.

Mama hakuifunga. Alishuka nayo ikiwa wazi, ameibeba kwa mikono miwili kama sahani ya bukari, ugali wa moto, huku papa akimwita bado kuhusu antene.