Kopo la Kakao Lililoficha Picha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, maana hiyo ya kwanza nimeisema bila kukohoa!

Mnanijua. Mimi ni Baba Njeri wa duka pale juu ya kiwanda cha kahawa, na kwenye kwaya ninaimba besi. Niseme nilikuwa ninaimba! Mwaka jana nikifika katikati ya ubeti pumzi inaisha, ninabaki kufungua mdomo tu. Nyinyi mlidhani nimejazwa Roho. Ilikuwa ni sigara!

Nilikuwa nikivuta na kuuza. Ile picha ya pakiti, ya mtu mwenye koo lililooza, sikuitaka machoni. Basi kila pakiti niliimwaga kwenye kopo la kakao, nikauza moja moja. Mwalimu mmoja alikuwa akinunua pakiti nzima, lakini kwa kuchagua: "Usinipe ya koo. Nipe ile ya mama mjamzito, hiyo hainihusu." Tulicheka, ndugu zangu!

Siku moja Mama Njeri, mke wangu, akabeba kopo akapimie kuku chakula. Nikaanza kuuza kutoka kwa pakiti. Akaja Kariuki, mchuma kahawa, mteja wa sigara moja asubuhi, moja jioni, miaka mingi. Akashika pakiti akaitazama sana.

"Na huyu ni nani, mzee?"

"Ni mtu aliyevuta."

"Ai! Na miaka hiyo yote, mbona ulinificha?"

Hakuwa na hasira. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Kumbe mwenye pesa ya pakiti anaonywa, hata kama atacheka. Mnyonge wa moja moja haonywi, na aliyemziba macho ni mimi, mzee wa kanisa! Nililia palepale. Nikasema, Yesu, toa hii kitu kwangu na kwa hili duka!

Haikuwa mchezo. Nilikuwa mkali mpaka kuku wakanikimbia. Lakini Kariuki alikuja kila asubuhi na jioni, zile saa zetu za sigara, tukatafuna miwa na kuomba. Bwana akatushindia sisi wawili! Mwalimu bado ananunua kwingine, ila juzi ameniomba kipande cha muwa.

Ndugu yangu, kama uko na kopo lako la kuficha, mletee Bwana. Yeye ameshaona kilicho ndani, na bado anakupenda.

Kariuki, simama, njoo hapa mbele. Leo tunaimba beti zote nne, na pumzi itabaki!