Faiza Anataka Kulinda Ndege

Pale Sokomuhogo, kichochoro kinapopinda mbele ya duka la vitambaa la Chimanlal, pana baraza ya simenti iliyolainika kwa kukaliwa. Sala ya alasiri ikisha, Silima hutua dele lake la kahawa hapo, na maneno huanza kabla ya kikombe cha kwanza. Wenziwe humwita Satelaiti, kwa kuwa hakuna habari ya dunia isiyopita kwake. Chimanlal ni Mita. Machano, fundi wa vespa, ni Breki, na siku hiyo Breki alikuja mapema, uso umemkunjamana. Binti yake Faiza, anayekagua abiria wa kike bandarini, kachaguliwa kwenda ng'ambo kusomea ulinzi wa ndani ya ndege, na kesho lazima atoe jibu. Machano hakutaka aende. Sababu hakuwa nayo, na hiyo ndiyo aliyoifuata barazani.

— Ulinzi wa ndani ya ndege? Silima aliuliza, kikombe kimeganda hewani. Kwani ndege huibiwa?

— Hutekwa, bwana we, akasema Chimanlal. Mlinzi anakaa na abiria, kavaa kama abiria, anakula kama abiria. Mtu akileta fujo, ndipo anaposimama.

— Basi hao hawalali, nnakwambia! Silima akadakia. Hutiwa dawa ya macho. Safari nzima jicho halifumbi.

— Dawa gani hiyo? Machano akauliza kwa hamu. Akaona keshapata sababu ya kwanza.

— Siri ya serikali. Na jina hubadilishwa. Leo Faiza, kesho Maria. Ukimpigia simu, hakujui.

— Mie baba yake?

— Hata wewe utabadilishwa, usidhani umesalimika!

Chimanlal akavuta kiti chake cha plastiki mpaka nje ya mlango wa duka.

— Hayo madogo. Mie nimesikia hufunzwa kuruka. Jambazi akijitupa nje, mlinzi naye anamfuata, anamkamata hukohuko mawinguni.

— Na wakifika chini?

— Wanapofikia, ndipo hapo. Pengine pwani ya Paje. Kina mama wako kwenye mwani wao, mara puu! Jambazi na pingu zake, na Faiza juu yake, anawapa shikamoo.

Machano alicheka bila kutaka, kahawa ikampalia. Walimpiga mgongo huku wao wenyewe wakifuta machozi.

Kicheko kilikuwa hakijesha zikasikika kelele. Kijana mmoja wa vespa kakutana uso kwa uso na mchukuzi mwenye gari la mkono lililojaa magunia ya vitunguu. Njia nyembamba, hakuna wa kupisha.

— Rudi nyuma!

— Nirudi na mzigo huu? Rudi wewe, una injini!

Mchukuzi akauachia mkokoteni wake. Kijana akavua kofia ngumu, akainyanyua juu. Barazani watatu wote wakasimama, na wote watatu wakabaki palepale, kila mmoja akimngoja mwenziwe atangulie.

Faiza ndiye aliyetangulia. Alikuwa anatoka kazini, viatu vya kazi bado miguuni. Hakukimbia wala hakupaza sauti. Alijipenyeza ubavuubavu baina yao, mikono wazi, akamtazama kijana kama anayemjua siku nyingi.

— Kaka'ngu, unakimbilia wapi?

Kijana akafungua mdomo atukane, tusi lisije. Kofia ikashuka taratibu.

— Hospitali, akasema. Mke wangu kajifungua. Nnampelekea uji.

Kweli, chupa ya uji ilikuwa imefungwa nyuma ya vespa kwa kanga.

— Mtoto gani? mchukuzi akauliza, bado kakunja ngumi.

— Wa kike.

— Si ungesema, yakhe! Tumekaa tunagombana hapa na uji unapoa!

Akaanza kulirudisha gari lake mwenyewe. Silima na Chimanlal wakaruka kumsaidia, na magunia yakarudi kinyumenyume mpaka kwenye kona. Vespa ikapita, honi inalia kama ya harusi.

Faiza akaja barazani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, Silima akasema. Hebu tuambie. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, ya huko juu?

— Nyingi yake ndiyo hiyo, ami.

— Na dawa ya macho?

— Dawa gani?

Silima akageukia vikombe vyake. Faiza akamtazama baba yake, akakaa ubavuni pake.

— Baba, hasa unaogopa nini?

Mabingwa waliokuwa wakimiliki mawingu sasa hivi wakageuka kutazama kichochoro. Machano aliinamia vidole vyake vyenye grisi.

— Asubuhi, akasema mwishowe. Wewe hugombana na redio. Mtangazaji akisema hili, wewe unamjibu lile. Mie nipo kitandani nakusikia, najichekea. Nani atamjibu?

Faiza alicheka, machozi yakamtoka. Akauchukua ule mkono wa grisi, akaubusu.

— Utamjibu wewe. Mie nikipiga simu utanihadithia.

Machano akavuta pumzi, akaitoa.

— Nenda, mwanangu. Nenda na radhi zangu zote.

Chimanlal akapiga makofi, Silima akagawa kahawa bila kuulizwa.

Toka pale mpaka nyumbani kwao Jang'ombe si mbali, lakini baba na binti walichelewa kufika. Machano alimsimamisha kila anayemjua, na wengine asiowajua, akawaambia binti yake atalinda ndege.

— Ndege ipi? wakamuuliza.

— Zote!