Kufuli la Mama Caritas na Jua la Ijumaa

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha fizikia katika lisé yetu, Mwalimu Caritas Ndayikeza, ambaye sote tunamwita Mama Caritas, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Waliotarajia aondoke kimya kimya hawamjui.

Alianza kazi akiwa na chaki tu na sauti iliyosikika hadi barabarani. Darubini ilikuja baadaye, zawadi ya padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kwa kuwa usiku wanafunzi wako majumbani, Mama Caritas aliamua kwamba watatazama jua. Alitafuta karatasi maalumu ya kuchuja mwanga, na Salvator, seremala wa mtaa wa Jabe, akaitengenezea fremu ya mbao ya kuvalishwa mdomoni mwa darubini.

Ijumaa ya kwanza ilikuwa kichekesho. Aliisawazisha darubini ikiwa tupu, ikatulia vizuri, kisha akaivalisha fremu. Ikainamisha kichwa kama mzee anayesinzia kanisani, ikaelekea viatu vya mkurugenzi wa shule. Haraka haraka haina baraka. Ijumaa iliyofuata alivalisha kwanza, ndipo akasawazisha, na nyuma akaning'iniza kufuli la nyumba yake ya Bwiza. Uzito ukalingana kabisa. Tangu hapo, kila siku ya jua mlango wake ulilindwa na jirani, Mama Sumaya, aliyeketi kibarazani akichambua maharagwe. Tulimshauri anunue kufuli lingine. Alicheka, akasema darubini imeshalizoea hilo.

Jambo moja hakulifanyia mzaha kamwe: macho ya watoto. Aliikagua karatasi isiwe na tundu, akaifunika darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni mwake, akalenga kwa kutazama kivuli chini. Halafu ikafuata sheria yake: aliyefunga fremu ndiye anayetangulia kutazama.

"Kama ni kuunguza, iunguze jicho yangu mbele," alikuwa akisema.

Mwaka juzi mtoto wa jicho alianza kumtia ukungu, jicho hili na lile. Ijumaa moja aliinama kwenye darubini muda mrefu, akainuka, akawaambia wanafunzi waziwazi kwamba madoa ya jua hayaoni tena. Palepale akamkabidhi mwenzetu Irène kazi ya kufunga fremu na kutangulia. Yeye alibaki na kusawazisha, maana mkono hauhitaji macho kujua upande uliolemea. Tuliendelea kutaniana naye kama kawaida, lakini ilituuma sana. Tuliogopa atastaafu bila kuliona tena jua lake.

Alifanyiwa upasuaji baada ya Pasaka. Daktari alipomruhusu, alifika Ijumaa iliyopita, kufuli mkononi. Irène alifunga fremu, akatangulia, akampisha. Mama Caritas akainama kuyatafuta madoa.

"Naziona," akasema. "Ziko mbili, na kamoja kadogo pembeni."

Kisha yeye, ambaye miaka yote aliwakaripia watoto waliokawia na kuchelewesha foleni, akagoma kuondoka mpaka kengele ikalia. Hakuna aliyemkaripia. Wengine tulikuwa tunajifuta machozi.

Mama Caritas, asante kwa kutangulia kila mara penye hatari. Kufuli umeliacha likining'inia mahali pake, nasi tumekununulia jipya, ili Mama Sumaya naye astaafu. Tunakuombea afya, amani na safari nyingi za Ruziba kwa wajukuu. Funga mlango wako, utembee utakako. Ila Ijumaa pita kwetu, na ukikawia kwenye darubini, foleni itangoja.

Fortunat, kwa niaba ya walimu wenzako