Mizunguko 111: Historia ya Tabibu Pasikali Ndayikunda

Pasikali Ndayikunda alifariki Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, nyumbani kwake Kasulu, akiwa na umri wa miaka 44.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1980 huko Munanila, mtoto wa tatu wa mzee Venanti na mama Esteri, waliovuka kutoka Burundi mwaka 1972, akasoma shule ya msingi hapohapo, sekondari mjini Kasulu, alikoanza kukimbia mbio ndefu, kisha chuo cha afya, alikohitimu utabibu mwaka 2004. Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na mwalimu Loyce Gasper, wakajaliwa watoto wawili, Elieth na Anania.

Tarehe 1 Julai 2013 alihamishiwa Zahanati ya Kabuyombe, wilayani Kibondo, akiwa mtumishi pekee, huku Loyce akibaki Kasulu kufundisha. Jumanne ya wiki ya pili alitoka alfajiri kukimbia barabarani, na kwa kuwa kule mtu mzima hakimbii pasipo moto au msiba, sembuse daktari, waliomwona waliacha kazi wakamfuata, wengine na ndoo za maji, hata alipogeuka kwenye kilomita ya tatu akakuta watu wapata arobaini nyuma yake, na mwenyekiti wa kijiji, mzee Dionis, juu ya baiskeli, akihema, akimuuliza ni kwa nani. Alipojibu kwamba ni mazoezi tu, walicheka hadi wakakaa chini, lakini jioni mzee Dionis alikuja kumwomba kwa upole awe anakimbia ndani ya uzio wa zahanati, maana siku atakapokimbilia mgonjwa kweli, hakuna atakayemfuata.

Alikubali, na kwa zaidi ya miaka kumi na moja hakukimbia nje ya uzio ule. Aliupima kwa futi ya fundi, akapata mita 190, kwa hiyo kilomita 21 za nusu marathoni zilikuwa mizunguko 111. Kila siku kabla ya wagonjwa alikimbia nusu saa, leo akizungukia kulia, kesho kushoto, kwa sababu goti moja lilianza kumuuma, akavuta mpira wa ndani wa baiskeli aliofunga kwenye nguzo, akanyanyua madumu mawili ya mchanga. Kina mama wa kliniki walimtania kwamba Daktari kafungwa kamba kama mbuzi, naye aliwajibu kwamba mbuzi angalau huhamishwa. Shule zikifungwa, Loyce alikaa barazani akichambua maharage, akitia punje moja bakulini kwa kila mzunguko, na kila mara walibishana, Pasikali akidai mkewe amemwibia miwili.

Alijiandikisha kwa mbio za kilomita 21 za Kasulu mwaka 2018 na 2021, mara zote mbili akakosa ruhusa, kwa kuwa hakukuwa na wa kumshikia zamu. Alimwambia Loyce kwamba hataki medali, anataka kukimbia siku moja tu bila kupita mlango uleule. Septemba 2024 aliletwa muuguzi Aline Mpawenimana, na Pasikali akajiandikisha tena, kwa mbio za tarehe 17 Mei 2025.

Januari alianza kuumwa tumbo, akaendelea na kazi hadi tarehe 20 Februari, akatibiwa Kibondo, kisha Mwanza, ilikobainika kuwa ni saratani ya ini, akarudishwa nyumbani Aprili. Barua ya ruhusa yake ya siku mbili kwa ajili ya mbio ilitiwa saini tarehe 5 Mei. Loyce alimsomea, naye Pasikali akaomba asomewe tena, kisha akamwambia mkewe aandike kuirudisha, siku hizo apewe Aline.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kibondo na Mwanza, majirani waliopika na kulala nasi matangani, na wanakijiji wa Kabuyombe waliofika jana kwa lori. Pasikali, Mungu akupe pumziko.

Muuguzi Aline hayupo hapa. Amepiga simu leo saa mbili asubuhi, kusema ana mama anayejifungua, na hakuna wa kumwachia zahanati.