Nilifunga Kwaresima kwa Togwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe pia na wale watakaocheka! Chekeni tu, nimewaruhusu. Mimi Mama Fidelis wa Lipangalala ndiye Mkristo pekee ninayemfahamu aliyefunga Kwaresima siku zote arobaini, asiguse wali wala ugali mpaka jua lizame, halafu akaifikia Pasaka amenenepa. Gauni lililonitosha Jumatano ya Majivu lilikataa kufungwa zipu siku ya Pasaka. Nilisimama kanisani nimejitanda kanga mbili, katika joto la Ifakara mnalolijua, watu wakanipa pole ya homa. Nikaipokea. Homa gani? Nilikuwa nasitiri mgongo.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilifunga kwa togwa. Asubuhi napika uji mzito wa mahindi, ukipoa natia kimea cha ulezi, ukikaa unageuka mtamu wenyewe bila chembe ya sukari. Basi nakunywa kikombe. Kisha kikombe. Adhuhuri kikombe, mchana vikombe. Mtu akipita akiuliza, "Mama Fidelis, umekula?" najibu kwa dhamiri safi kabisa, "Sijala tangu jana." Na nilikuwa sisemi uongo, ndugu zangu! Kwetu sisi mtu ambaye hajala wali au ugali hajala. Anaweza kuwa amemaliza miwa, maembe, ndizi na karanga, bado atakuambia anaumwa njaa. Togwa ni kinywaji. Nani alishawahi kushiba kinywaji?

Lakini niwarudishe nyuma, maana wapo mnaosoma hapa hamjui nimetoka wapi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikakaa. Wengine Mungu amewapa kipaji cha kuimba, mimi alinipa cha kukaa. Shamba letu la mpunga liko mbugani, ng'ambo ya mto, na mnajua msimu ukifika watu wanafunga nyumba wanahamia huko mpaka mavuno yaishe. Mimi nilikuwa nabaki. Nilisema nalinda nyumba. Ukweli ni kwamba mwili wangu ulikuwa haupandi mtumbwi tena, na kama mwizi angekuja nisingeweza kumfukuza, labda ningemkalia. Baba Fidelis alivuna na vibarua mwaka baada ya mwaka, hakusema neno. Mimi nikawa napokea magunia mlangoni kama karani.

Mdogo wangu Klotilda ni muuguzi, ameolewa Ulaya. Katikati ya miaka hii ya tisini alikuja likizo, akanikuta naenda chooni kwa kushika ukuta. Alilia. Alivyorudi huko, yeye na mumewe wakanitumia tiketi, wakanipeleka hospitali, na huko madaktari wakanibana tumbo kwa pini za chuma mpaka likabaki dogo kama ngumi ya mtoto. Naandika haya bila kuficha kwa sababu mtaani Kibaoni yamesemwa mengi. Wapo waliosema Wazungu wamechukua tumbo langu wakaniwekea firigisi ya kuku. Hapana, ndugu zangu. Tumbo ni langu, nililozaliwa nalo.

Na lilifanya kazi! Vijiko vitatu vya wali, basi. Ukizidisha cha nne kinarudi chenyewe, mbele ya wageni. Nilipungua, nikapungua, kanga moja ikawa inanizunguka mara mbili. Nilirudi Ifakara kwa treni, nikashuka na mizigo yangu mkononi, na Baba Fidelis akanipita stesheni akinitafuta. Msimu uliofuata nilivuka mto. Nilikaa shambani, nikapanda kwenye kichanja cha kuamia ndege, nikapiga debe na kuwapigia kelele kwerea kutwa nzima. Nilikata mpunga kwa kisu, shuke kwa shuke, pamoja na wanawake wenzangu. Nadhani katika maisha yangu sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa na miguu!

Hapo ndipo kiburi kilipoingia. Nilirudi nyumbani, nikaketi, nikaona kazi imekwisha, pini zitafanya zilizobaki. Wali ulikuwa unakwama, ugali unakwama. Togwa haikukwama. Ilishuka kama maji ya mfereji. Nikamsifu Mungu kwa kunipatia kitu kinachopita! Na ukienda kwa watu, kila nyumba unakaribishwa kwa togwa, na kuikataa ni kumtukana mama mwenye nyumba. Mimi si mtu wa kutukana watu. Nilikuwa na adabu kuanzia Lipangalala hadi Kibaoni.

Mwili ukarudi polepole, kwa heshima, kama mgeni anayebisha hodi. Klotilda akiandika kuuliza, namjibu: "Naendelea kula kidogo sana kama mlivyonielekeza." Kila neno la kweli, na barua nzima uongo. Akaomba picha. Nikamtumia ile niliyopigwa stesheni.

Ndipo nikaamua kufunga Kwaresima, kupunguza kwa njia takatifu. Nanyi mlinisifu! Jumuiya yetu nzima ya sala mlisema, mtazameni Mama Fidelis anavyojinyima. Mwenyekiti akanisimamisha niwe mfano kwa vijana. Nikasimama, ndugu zangu. Nikasimama nikiwa na ladha ya kimea kwenye ulimi.

Baada ya Pasaka watu wakahamia mashambani. Sikuweza kusema nabaki tena, maana mwaka uliopita nilikwenda, na mwaka huu nimesifiwa. Nikaenda mpaka mtoni. Mwenye mtumbwi, kijana wa Kindamba ninayemheshimu kwa ujuzi wake, akanitazama, akautazama mtumbwi, akatazama magunia ya chakula na vyombo, akasema kwa upole kabisa, "Mama, shikamoo. Leo chagua, ama wewe ama magunia." Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote. Nikasema magunia yatangulie, nitafuata safari ya pili. Mtumbwi uliporudi nikainua mguu kupanda, ule mwingine ukateleza kwenye tope, na goti likalia kama ukuni mkavu.

Nililala kwenye tope la ukingoni. Watu wanne walinitoa. Baiskeli haikunifaa, gari halikuwepo, ukaletwa mkokoteni wa kubebea mpunga. Wakanilaza, wakanifunika kanga, wakanipitisha katikati ya soko la Kibaoni, mchana kweupe. Mchuuzi mmoja hakujua ni mtu, akapaza sauti, "Mpunga huo wa wapi, mnauzaje?" Baba Fidelis ndiye aliyekuwa anasukuma. Nilisikia anavyohema. Yule mume ambaye hajawahi kunisema hata siku moja, nilimsikia analia huku anasukuma.

Hospitali goti likafungwa, damu ikapimwa, sukari ikaonekana imepanda. Nikamwambia daktari habari za upasuaji, na hapa naungama jambo ambalo hata padre sikumweleza vizuri: niliomba Mungu pini ziwe zimefyatuka. Niliomba kwa bidii! Zikiwa zimefyatuka, kosa ni la Wazungu, na mimi ni mgonjwa tu, na Klotilda ataleta tiketi nyingine. Wakaninywesha dawa nyeupe kama chokaa, wakanipiga picha. Daktari akaishika juu ya mwanga muda mrefu.

"Mama," akasema, "kazi ya wenzetu iko salama kabisa. Tumbo ni dogo vilevile. Unakula nini?"

"Sili, daktari."

"Unakunywa nini?"

"Togwa tu."

Akaweka picha mezani. "Togwa ni unga, mama. Huo ni ugali unaotiririka. Walikushonea tumbo, mdomo wamekuachia mwenyewe." Kisha akaacha utani. Akaniambia magoti yangu yamechoka kunibeba, na sukari ile ikiendelea itaila miguu yenyewe, na kwamba hakuna mtu atakayenipasua mara ya pili kwa ajili ya kikombe. "Usipobadilika," akasema, "ule mkokoteni ndiyo miguu yako."

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani na magongo. Nyumba zote za jirani zimefungwa, watu wako shambani, na Baba Fidelis pamoja nao. Nikabaki mimi, Mungu, na mtungi wa togwa. Nilikaa nautazama. Niliomba niondolewe hamu. Sikuondolewa, na nawaambia wazi ili mtu asije kuniiga akadhani Mungu amemnyima yeye peke yake. Hamu ilikuwepo, na leo ipo. Nilichopewa siku ile ni kitu kingine: aibu ilinitoka. Sijui niielezeje. Nilichukua karatasi nikamwandikia Klotilda, "Mdogo wangu, nimekudanganya. Picha ni ya zamani. Nimenenepa, nimeanguka, nimebebwa kama gunia." Nilipomaliza nikajihisi mwepesi, mimi, wa uzito ule! Nikachechemea hadi nje nikamwaga togwa yote kwenye shina la mgomba. Mgomba ule ulistawi sana, lakini hiyo ni habari nyingine.

Na jumuiya mliporudi kutoka mashambani, mnakumbuka, nilisimama palepale nilipokuwa nimesifiwa. Nikasema, "Ile Kwaresima nilifunga kwa togwa. Kila siku. Mtungi mzima." Halafu Mama Tekla, jirani yangu wa ubavuni, ambaye Mungu alimnyima breki za ulimi, akapasuka kicheko, na nyumba nzima mkamfuata, na mimi pia, nikacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Mkaniwekea mikono. Mkaniombea. Na mkafanya jambo ambalo sikuliomba: mkakubaliana kwamba Mama Fidelis akiingia nyumba yoyote ya jumuiya, apewe maji, na hatahesabiwa kuwa amemtukana mtu. Ndugu zangu, mlijinyima heshima ya kukaribisha kwa ajili yangu! Najua mama mmoja alikuwa anaona vibaya mpaka anayatia maji yale kwenye glasi ya harusi.

Klotilda alijibu. Hakunilaumu. Aliandika tena yale maelekezo ya hospitali, mstari kwa mstari kama kwa mwanafunzi wa darasa la kwanza: kula kwanza samaki au maharage, tafuna mpaka kilainike, usinywe pamoja na chakula, kunywa maji baadaye, kaa mezani mara tatu kwa siku na si mara thelathini. Nikabandika barua ukutani karibu na jiko. Nikaanza kula! Kichekesho ni hicho, nilianza kupungua nilipoanza kula. Kipande cha samaki wa mtoni, kijiko cha mboga, wali kidogo wa kunitambulisha kuwa ni mtu wa Ifakara, nikatafuna mpaka Baba Fidelis akaniuliza kama natafuna au nasali.

Magongo yalipoondoka, Mama Tekla akaja alfajiri, akagonga dirisha. Hakuuliza kama nataka. "Toka tutembee." Siku ya kwanza nilifika kwenye nguzo ya umeme, nikarudi. Siku ya pili nguzo ileile. Wiki nzima nguzo ileile, watoto wa shule wakaanza kuiita nguzo ya Mama Fidelis. Halafu nikaipita. Siku nilipofika Kibaoni kwa miguu yangu nilisimama sokoni, nikavuta pumzi, nikanunua chumvi nisiyoihitaji, ili tu nipate sababu ya kusema na wachuuzi nikiwa nimesimama wima.

Nilianguka tena? Ndiyo. Kwenye harusi ya mwezi wa kumi nilikunywa vikombe viwili nyuma ya nyumba, kama mwizi. Zamani ningesema imeharibika, acha niendelee. Safari hii nilimwambia Mama Tekla asubuhi yake, akasema, "Vaa ndala," tukatembea. Daktari alinipima sukari mwisho wa mwaka akatabasamu, akaniambia nisiache.

Na msimu huu nimevuka mto. Ndugu zangu, nimevuka! Yule kijana wa mtumbwi alinipa mkono, akaniketisha katikati na magunia yakiwa palepale, akapiga kafi. Nilikuwa mbugani siku zote za mavuno. Nimekata mpunga wangu kwa kisu changu. Vidole vimepasuka, mgongo umeuma, na kila jioni nilimtazama Baba Fidelis anavyonitazama, nikajua hakuwa anatazama mwili. Sikukaa kusubiri magunia mlangoni. Magunia nimeyajaza mimi.

Kwa hiyo namshukuru Mungu, na nasema kwa majivuno, mnisamehe, haya yamenigharimu: sikupona kwa kisu cha Ulaya peke yake, wala sikupona kwa kufunga kwa maonyesho. Nilipona siku niliposema ukweli. Kama uko mahali umesaidiwa, ukapona, kisha ukarudi ulikotoka, na unaona haya kuwarudia waliokusaidia, njoo. Mkabidhi Mungu kitu hichohicho unachokificha. Hatashtuka, alikuwepo ukinywa. Na uwaamini hawa ndugu zako, watakucheka kidogo, halafu watakushika mkono.

Juzi tumemaliza kuvuna. Tulitembea kutoka mtoni hadi nyumbani, mimi na ungo wa mchele mpya kichwani, Mama Tekla nyuma yangu na mfuko wake. Nilikuwa naimba, na kila niliyempita nilimsalimu kwa jina. Tulipoingia Lipangalala, Mama Tekla akasimama katikati ya njia, akashika kiuno, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia:

"Mama Fidelis, tusidanganyane, unene bado unao! Ila punguza mwendo, unaniua na jua hili!"