Hoyt Gandy, Aliyetaka Mjukuu Wake Akae Benchi

Wasikilizaji wapendwa, mzee Hoyt Gandy amefariki. Amefariki Jumanne, nyumbani kwake, Barabara ya Kinu. Ndiyo, Hoyt yule yule. Hoyt wa simu za Jumatatu, kwenye kipindi cha michezo. Hoyt aliyetaka mjukuu wake mwenyewe akae benchi.

Najua wapo waliosikia jina hilo wakanyoosha mkono kuzima redio. Usizime. Ulimsikiliza alipokuwa anakuudhi. Msikilize na leo, ambapo hawezi kukujibu.

Kabla sijapewa kipindi hiki cha Jumapili, kazi yangu hapa kituoni ilikuwa kupokea simu, na Jumatatu bado nazipokea. Kwa hiyo sauti yake niliisikia mimi kabla yenu. Hakuwahi kusema habari za leo. Alikuwa anasema, "Binti, niunganishe kabla sijapoa." Basi. Namuunganisha.

Tuanze mwanzo. Hoyt alizaliwa hapa hapa Tarpley, nyuma ya kile kinu cha kupasulia mbao kilichoungua. Akaingia Chuo cha Bellamy, akacheza mpira, huu wetu wa Kimarekani, wa kushika kwa mikono na kugongana. Hakuwa kwotabeki. Kwotabeki ndiye anayeushika mpira na kuurusha, ndiye anayepigwa picha, ndiye ambaye wasichana wanajua jina lake. Hoyt alikuwa yule anayeinama mbele ya kwotabeki, anautoa mpira nyuma katikati ya miguu, halafu anagongwa na majitu mawili kwa pamoja. Huyo hapigwi picha. Alipotoka Bellamy magoti yake yalikuwa yamekwisha, na alikuwa bado kijana.

Lakini kwa kuinama kule alijiona ana haki ya kusema. Kuna Jumatatu mtangazaji wetu wa michezo, Mabry, alimuuliza, "Mzee Hoyt, wewe umejuaje nani anafaa kuanza?" Akajibu, "Makwotabeki wanne wameweka mikono chini ya makalio yangu. Nawajua kuliko wake zao." Mabry alicheka mpaka ikabidi niweke matangazo.

Baada ya chuo aliendesha lori la gesi. Wengi wenu amewaletea. Ukimpigia kwamba mtungi umeisha na baridi inakuja, alikuwa anakuja. Ila alikuja huku anakutukana. "Ulikuwa unasubiri nini, ugande kwanza?" Anafunga mtungi, anaondoka, mlango hajaufunga.

Mke wake, Bi Ouida, alitangulia. Walijaliwa mtoto mmoja, Darnelle, ambaye wengi mnamjua kwa saluni yake. Na Darnelle ana mtoto mmoja, Tolliver. Baba yake Tolliver hakukaa. Mtoto akalelewa na mama na babu. Na babu, wasikilizaji, alimfundisha mpira kwa njia moja tu aliyoijua. Alitoka uani, akainama na yale magoti yake mabovu, akautoa mpira nyuma, mtoto akaushika na kuurusha. Halafu tena. Halafu tena. Darnelle ananiambia, "Baba alikuwa anainuka kwa kushika ukuta. Nikimwambia pumzika, ananiambia niende nikapike."

Mtoto akakua. Akachukuliwa na Bellamy. Tarpley nzima ikafurahi, mtoto wetu yuko timu ya chuo chetu. Mpaka hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi ulikuja mwaka jana, mwezi wa nane. Kocha alisema nafasi ya kwotabeki iko wazi. Wanaoigombea ni wawili. Tolliver Gandy, mtoto wa hapa. Na Jarvell Oakes, kijana aliyehamia kutoka Mobile, kule pwani. Wawili, nafasi moja.

Mnakumbuka mlivyokuwa. Sitaki kusikia mtu anasema hakuwemo. Kinyozi mmoja alimkatalia mteja kwa sababu ya kofia yenye namba tisa ya Jarvell. Kanisani watu wa Jarvell walihamia upande wa piano, wa Tolliver wakabaki upande wa dirisha, na mchungaji akawa anahubiri huku anageuza shingo kama feni. Ndugu wa damu walinuniana.

Kocha akamchagua Tolliver. Jumatatu ile simu ya kwanza ilikuwa ya Hoyt. Nilimuunganisha nikijua anakwenda kujivuna.

"Hoyt wa Barabara ya Kinu, uko hewani," alisema Mabry. "Hongera, mzee!"

"Hongera ya nini? Huyo mtoto hawezi."

"Mtoto gani?"

"Tolliver. Akae benchi. Aanze Jarvell."

Mabry alininyooshea mikono kwenye kioo, kama ananiuliza nimemletea nani. Kisha akasema, "Mzee, Tolliver si mjukuu wako?"

"Nimekupigia simu ya ukoo? Nakwambia mpira. Mkono wake unachelewa. Anaona mtu yuko wazi, anafikiri, anafikiri tena, ndiyo anarusha. Jarvell hafikiri, anarusha."

Taa zote za simu ziliwaka. Ya pili niliyoipokea ilikuwa ya Darnelle, kutoka saluni, mashine ya kukaushia nywele inavuma nyuma yake. Hakutaka salamu na mtu. Alisema hewani, mkamsikia wote, "Mwambieni yule mzee, Jumamosi asilete kiti chake pale petu."

Pale petu maana yake pale uwanja wa kanisa, kando ya uwanja wa mpira, ambapo familia ya Gandy imechoma bega la nguruwe kila mechi ya nyumbani tangu Bi Ouida yuko hai. Ukiwa Mgandy una kiti pale. Hoyt akanyang'anywa kiti.

Jumamosi akaja hivyo hivyo, na jezi ya namba tisa. Jezi ya Jarvell! Akapita mbele ya moshi wa nyama yake mwenyewe, akaenda upande wa pili walikokaa watu waliotoka Mobile. Mama yake Jarvell akamtazama toka juu mpaka chini. Akamwambia, "Babu, hapa sitaki ugomvi wa watu. Mjukuu wako yuko kule. Kamshangilie." Naye akamfukuza. Hoyt akasimama katikati ya pande mbili na mfuko wake wa karanga za kuchemsha, akala peke yake. Nilikuwepo, nilimwona. Hakuonekana kuona haya.

Na kuna jambo liliwakera watu kuliko yote. Wachezaji wa Bellamy hupewa tiketi chache za ndugu zao. Hoyt alikaa viti vya ndugu. Tiketi aliyoingilia ilikuwa ya Tolliver. Jezi ya Jarvell, tiketi ya Tolliver. Darnelle alimwambia mwanawe asimpe tena, na mguu wake usikanyage kwa babu. Jumamosi iliyofuata Hoyt yupo, kiti kile kile, jezi ile ile. Watu wakasema ameiba. Wengine mkasema hapa hapa hewani.

Kuna mtu aliandika kwenye pikapu yake kwa rangi nyeupe, BABU GANI WEWE. Hoyt hakuifuta. Aliendesha maneno hayo mjini mpaka amekufa. Pikapu iko pale uani kwake, nendeni mkaisome. Aliyeandika naye akaisome.

Sasa nije kwenye mechi na Haddock, ya mwisho ya msimu. Mnaikumbuka kwa uchungu. Tolliver aliupoteza mpira mara mbili kabla ya mapumziko. Uwanja mzima ukaanza kumzomea. Mtoto wa hapa, anazomewa na watu wa hapa. Wakaanza kuimba, "Jarvell! Jarvell!" Na jamaa mmoja aliyekaa nyuma ya Hoyt akampiga bega kwa furaha. Akasema, "Mzee, ulisema kweli! Mjukuu wako ni uchafu!"

Hoyt akageuka, akammwagia chai. Chai ya barafu, bilauri nzima, na barafu zake zote.

"Nimesema akae benchi!" akapiga kelele. "Sijasema ni uchafu! Hujui tofauti, bumunda wewe?"

Walinzi wakaja kumtoa. Alikuwa anavutwa kwenye ngazi huku bado anaeleza habari ya mkono unaochelewa. Darnelle alikuwa amekaa viti vitatu kutoka pale. Aliyaona yote. Hakusimama.

Kipindi cha pili kocha akamtoa Tolliver, akamwingiza Jarvell. Akarusha vizuri, jamani, mpira unakwenda kama umevutwa na kamba. Kisha mwishoni kabisa, tukiwa nyuma kwa pointi tatu, akaurusha moja kwa moja mikononi mwa mtu wa Haddock. Tukafungwa.

Jumatatu Mabry alikuwa anamsubiri. "Mzee Hoyt, huyo Jarvell wako amempa adui mpira kama zawadi ya Krismasi."

"Aliingia amepoa. Angeanza yeye, tungeshinda."

"Yaani hukubali tu?"

"Nikubali nini? Mmewaangusha wote wawili."

Sikukuu ya Shukrani Darnelle hakumwita mezani. Mwenye kituo cha mafuta anasema Hoyt alikula mkate uliotiwa nyama ya batamzinga pale kaunta, amesimama, akasema ni mkavu. Krismasi hivyo hivyo. Pasaka hivyo hivyo. Baba na binti yake, mji mmoja, hawakusemeshana tangu ile simu ya saluni.

Mwezi huu kocha akasema tena nafasi iko wazi. Jumatatu Hoyt akapiga. "Binti, niunganishe kabla sijapoa." Mabry akamuuliza, mwaka huu nani? Akasema, "Jarvell. Mpaka yule mwingine aharakishe mkono." Ndiyo maneno yake ya mwisho hewani. Jumanne moyo wake ukasimama.

Alhamisi Darnelle alikuja hapa kituoni. Alikaa kwenye kile kiti cha wageni, mkoba mapajani, macho makavu. Akaniambia, "Wewe ndiye utakayesema habari za baba Jumapili?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Sema alikiri."

"Alikiri nini?"

"Sema alikupigia simu, nje ya kipindi, akasema amekosea. Akasema Tolly ndiye alistahili. Wewe ulikuwa unapokea simu zake, nani atakubishia?"

Nikamuuliza, "Alikuambia hivyo?"

"Angeniambia saa ngapi? Sikuwa napokea simu zake!" Kisha akasema, "Mji huu wote ulimsikia akimkataa mwanangu. Nataka usikie anamrudia. Jumatatu nazika. Sitaki kuzika mtu aliyemkataa mwanangu."

Nilimwambia nitafikiri. Alisimama, akasema, "Fikiri upesi," akaondoka. Mlango hakuufunga. Ni binti wa Hoyt kabisa.

Jioni nilimtafuta Tolliver. Alikuja, akakataa kuingia ndani, tukaongea amekaa garini. Nikamwambia mama yake anachotaka. Akatikisa kichwa.

"Usiseme hivyo, dada. Hakukiri."

"Una uhakika?"

"Ijumaa iliyopita aliniambia bado ninachelewa."

Nikashangaa. "Ijumaa iliyopita? Si ulikatazwa kwenda kwake?"

Akanitazama. Akaniambia, "Nilikuwa nakwenda kila Ijumaa. Msimu mzima. Baada ya mazoezi naegesha gari nyuma ya kinu, mama asilione. Nampa tiketi yake. Halafu tunatoka uani."

"Kufanya nini?"

"Anainama, ananitolea mpira. Narusha. Ananiambia, umechelewa. Namwambia, nyamaza babu, toa mpira. Anatoa. Mpaka giza linaingia."

"Na yale magoti?"

"Mwishoni alikuwa hawezi kuinuka. Namshika kwapani namwinua. Ananitukana."

Nikamuuliza kama hakumchukia, kwa yote aliyoyasema redioni. Akafikiri. Akafikiri tena. Kisha akasema, "Nilimchukia kila Jumatatu." Halafu akawasha gari. "Sema hilo la Ijumaa, dada. Mama alisikie redioni. Kwangu hatalisikia, atanikatisha."

Nimekaa na jambo hili mimi peke yangu siku tatu, sasa nawapa na ninyi.

Wasikilizaji wapendwa, mzee Hoyt anazikwa kesho, kanisa lile lile la kando ya uwanja. Watu wa piano na watu wa dirisha, mtakutana mlangoni. Kwa familia ya Gandy, poleni sana. Kwa Tolliver, pole, kijana wetu, na wale waliokuzomea wanajijua. Kwa Jarvell Oakes, pole na wewe. Umempoteza shabiki ambaye hukumwomba.

Na kesho hiyo hiyo jioni Mabry atafungua simu. Mtapiga. Mtabishana tena nani aanze, na mtakuwa wakali, nawajua. Bisheni. Hoyt angebisha. Lakini kabla hujamtaja mtoto wa mtu hewani, jiulize wewe umemwinamia mara ngapi.

Darnelle, mama, najua unasikiliza. Umekaa saluni, umefunga mlango, umeniwekea hasira. Nimefikiri upesi ulivyoniambia. Siwezi kusema ulichonituma niseme. Baba yako hakukiri. Hakubadilisha hata neno moja.

Lakini kila Ijumaa aliinama.